Kwa Nini Iguana Humgeukia Mfugaji Wake

Mjusi mkubwa wa kijani aitwaye iguana si mwenyeji wa bara la Afrika. Kwao ni misitu iliyo kandokando ya mito na maziwa, kuanzia Meksiko kupitia Amerika ya Kati hadi Brazili na Paraguai, na jina lake limetokana na lugha ya Wataino, wenyeji wa visiwa vya Karibi, likapokewa na Wahispania kabla ya kuenea duniani. Mijusi wa ukoo huo walio karibu zaidi na pwani ya Afrika ya Mashariki ni jamaa zake wadogo wa Madagaska na Ngazidja. Hata hivyo iguana wa kijani amepata makazi mengine ambayo maumbile hayakumwandalia, nayo ni sebule, jikoni na vyumba vya kulala vya watu wa Marekani na Ulaya. Katika miaka ya 1990 Marekani peke yake iliingiza mamia ya maelfu ya iguana wachanga kila mwaka, wengi wao wakiwa wametotolewa katika mashamba ya El Salvador na Kolombia, ili wauzwe madukani kama wauzwavyo kasuku na samaki wa mapambo.

Mnunuzi alikabidhiwa mjusi mdogo wa kijani kibichi, ambaye pamoja na mkia wake hakuzidi sana sentimita 20. Aghalabu hakuelezwa kwamba mnyama huyo akitunzwa vizuri atafikia urefu wa mita moja na nusu au zaidi, atakuwa na uzito wa kilo 4 au zaidi, na huenda akaishi miaka 15. Zaidi ya yote hakuelezwa kwamba katika mwaka wa pili au wa tatu, pengine asubuhi moja bila dalili yoyote ambayo mfugaji ameitambua, mjusi aliyezoea kula majani kiganjani mwake anaweza kumkimbilia kinywa wazi na kumpasua mkono au uso. Jeraha lake si la mzaha. Iguana hula majani, na wala hatafuni. Hukata na kumeza. Meno yake ni madogo, lakini kingo zake zina chembe kama za msumeno, hivyo hukata nyama ya mtu kama yakatavyo jani, na watu wengi wamelazimika kwenda hospitali kushonwa nyuzi.

Mfugaji aliyepatwa na mkasa kama huo husema kwamba mnyama amemchukia, au ameingiwa na wazimu, au amesahau fadhila. Kila moja ya kauli hizo humpa mjusi moyo wa kibinadamu. Elimu ya tabia za wanyama huanzia mahali pengine kabisa. Huuliza kwanza kitendo hicho kina kazi gani kule msituni, ambako mnyama huyo aliumbika, na kisha huuliza ni kitu gani ndani ya nyumba kilichokiamsha.

Dume na tawi lake

Mengi yanayojulikana kuhusu maisha ya iguana yalipatikana nchini Panama, katika Ziwa Gatun, ambalo lilitokea pale Mto Chagres ulipozuiwa kwa ajili ya kuchimba Mfereji wa Panama. Katikati ya ziwa hilo kipo kisiwa cha Barro Colorado, ambacho kwa miaka mingi kimekuwa kituo cha utafiti cha Taasisi ya Smithsonian. Nchini humo humo Panama mtafiti Beverly Dugan alikaa akiwatazama madume wa iguana juu ya miti, na matokeo ya kazi yake yakachapishwa mwaka 1982.

Alichokiona ni hiki. Majira ya mvua yanapokaribia kwisha, madume wakubwa huanza kubadilika. Rangi ya kijani hufifia na mahali pake huingia rangi ya dhahabu au ya machungwa yaliyoiva. Kila dume mkubwa hujitwalia sehemu ya kilele cha mti, matawi machache tu yaliyo wazi kwa jua na yanayoonekana kutoka mbali, naye hukaa hapo siku baada ya siku akiwafukuza madume wengine. Majike huja wenyewe na kukaa katika himaya ya dume wamtakaye. Katika majuma hayo dume mwenye himaya hula kidogo sana na hukonda, kwa sababu muda autumiao kutafuta majani ni muda ambao mwingine anaweza kumpokonya tawi. Madume wadogo hubaki pembeni. Mtafiti mwingine, Gordon Rodda, aliyefanya kazi katika nyanda za Venezuela, aliona hata madume wadogo wenye umbo na rangi kama za majike, ambao huponyoka macho ya mwenye himaya na kukaa katikati ya majike bila kufukuzwa.

Msimu ukipita, ugomvi nao hupita. Rangi hurudi, hamu ya chakula hurudi, na madume waliokuwa maadui huweza kuota jua katika mti mmoja. Hapa pana jambo ambalo wafugaji wengi hawalijui. Ukali wa dume la iguana si tabia yake ya kudumu, bali ni kazi ya msimu, kama ilivyo kazi ya kulinda shamba mpunga unapokaribia kuiva. Mtambo wa kazi hiyo ni homoni iitwayo testosteroni, ambayo huongezeka korodani zinapokua kabla ya msimu na kupungua zinaponywea baadaye.

Majike nao wana ugomvi wao, ingawa si wa matawi. Karibu na Barro Colorado kipo kisiwa kidogo mno kiitwacho Slothia, ambako majike huogelea kwenda kutaga mayai. Mahali pafaapo kuchimba ni pachache, na kuchimba shimo la kutagia ni kazi kubwa, hivyo jike akute shimo lililokwisha kuchimbwa na mwenzake hushawishika kulinyang'anya. Stanley Rand na William Rand walizichunguza shauri hizo za majike na mwaka 1976 wakatoa hoja ambayo imebaki na uzito hadi leo, kwamba sehemu kubwa ya ugomvi huo humalizwa kwa njia iliyo rahisi kabisa kwa pande zote mbili. Jike hutikisa kichwa, hupanua kinywa, hurusha hatua moja mbele. Mwenziwe hupima, na mara nyingi mmoja wao huondoka. Kuumana kwenyewe ni nadra, kwa sababu aumaye naye huweza kuumwa, na nguvu iliyotumika vitani haiwezi kutumika tena kuchimba.

Jambo hili huonekana wazi zaidi kwa iguana wa baharini wa visiwa vya Galápagos. Katika miaka ya 1950 mwanasayansi Irenäus Eibl-Eibesfeldt alieleza jinsi madume wawili wanavyosukumana kwa vichwa vyao vyenye magamba magumu kama pembe fupi, bila ya kuumana, mpaka mmoja achoke. Aliyeshindwa hulala kifudifudi, na mshindi mara moja huacha kumsukuma na kumngojea aondoke. Naye Charles Darwin, alipofika visiwani humo mwaka 1835, alimtupa iguana mmoja mara kadhaa katika dimbwi la maji ya bahari, na kila mara mjusi huyo aliogelea moja kwa moja kurudi mahali pale pale aliposimama Darwin. Darwin alifikiri kwamba kwa mjusi huyo adui ni papa aliye baharini, na ufuko ndio usalama wake, hata kama ufukoni amesimama mtu amtupaye. Iguana na mahali pake ni vitu ambavyo havitenganishwi kwa urahisi.

Kichwa kisemacho

Msomaji wa Afrika ya Mashariki anayo njia rahisi ya kuyaelewa haya bila kusafiri. Katika majabali ya Serengeti na kandokando ya Ziwa Viktoria, na kwenye kuta za mawe za miji mingi, huishi mijusi ambao madume yao yana kichwa chekundu au cha waridi na kiwiliwili cha buluu. Dume huyo hukaa juu ya jiwe lililo refu kuliko mengine, akainua na kushusha kifua chake kana kwamba anapiga zoezi la viungo, hasa anapomwona dume mwenzake. Akishindwa na kufukuzwa, rangi zake nzuri hufifia na kuwa za udongo. Mijusi hawa si iguana, lakini wao, vinyonga na iguana wamo katika kundi moja kubwa la mijusi, na lugha yao ni moja, ingawa lafudhi ni mbalimbali.

Katika lugha hiyo iguana hutumia kichwa kwanza. Dugan aliona kwamba dume hutikisa kichwa kwa mpangilio wake maalum, wenye hesabu na mwendo ambao humtofautisha na dume mwingine, hata ikawa kama sahihi yake. Mtikiso wa polepole, akiwa ametulia, husema tu kwamba mwenye mahali yupo. Mtikiso wa kasi, ulioambatana na kichwa kupepesuka upande hadi upande, husema kwamba maneno yamekwisha. Kisha huja ngozi pana iningʼiniayo chini ya kidevu, ambayo hukunjuliwa na kusimamishwa kama tanga. Mwili hubanwa ubavuni ili uonekane mpana, na mjusi humgeuzia mpinzani upande wake badala ya uso, huku miiba laini ya mgongoni imesimama na miguu imenyooka. Mkia huanza kuchezacheza. Mkia huo ni fimbo halisi, na pigo lake huacha alama. Kinywa kikifunguka na mjusi akasogea mbele badala ya kurudi nyuma, muda uliobaki ni mfupi.

Zipo pia ishara ambazo binadamu hawezi kuziona. Upande wa ndani wa mapaja ya iguana pana safu ya vitundu vidogo, ambavyo kwa madume hupanuka na kutoa kitu kama nta, na mjusi atembeapo hukipaka juu ya matawi. Allison Alberts na wenzake walionyesha mwaka 1992 kwamba uzalishaji wa nta hiyo hufuata majira, na kwamba unahusiana na wingi wa testosteroni na cheo cha dume miongoni mwa wenzake. Mjusi apitaye hugusa nta hiyo kwa ulimi, na ulimi huipeleka kwenye kiungo cha Jacobson kilicho katika kaakaa, mahali ambapo harufu hutambuliwa. Kwa hiyo sebule ambayo kwa macho ya mfugaji ni safi, kwa mjusi wake imejaa maandishi, na maandishi yote yana jina moja.

Mtu ndani ya himaya

Sasa mnyama mwenye maumbile hayo awekwe katika chumba kimoja. Tawi lake ni sehemu ya juu ya kabati au mgongo wa kiti kilicho karibu na dirisha. Joto na mwanga havibadiliki sana mwaka mzima, lakini mwili wake una saa ya ndani, na kichwani pake, utosini, lina jicho dogo la tatu lisiloona sura ya kitu bali hutambua mwanga na kivuli na kuusaidia mwili kuhesabu majira. Msimu unafika. Testosteroni inapanda. Dume anahitaji mpinzani, na katika himaya yake yote kuna kiumbe mmoja tu mkubwa, aendaye wima, anayeingia na kutoka apendavyo na kumkodolea macho.

Niko Tinbergen, ambaye mwaka 1973 alipata Tuzo ya Nobeli pamoja na Konrad Lorenz na Karl von Frisch, alikuwa na kisa kinachosaidia hapa. Alikuwa akichunguza samaki wadogo ambao dume wao huwa na tumbo jekundu wakati wa kuzaliana na humshambulia dume mwingine yeyote aingiaye katika himaya yake. Matangi ya samaki hao yaliwekwa dirishani, na Tinbergen aliona kwamba gari jekundu la posta lilipopita barabarani, madume walijitupa upande ule wa kioo kana kwamba wamevamiwa. Samaki hakukosea njia kwa upumbavu. Katika ziwa lake hapakuwa na magari, na alama moja, wekundu, ilitosha kumjulisha adui. Ndivyo ilivyo kwa iguana. Kule msituni hakuna kitu kilicho hai chenye ukubwa wa kutosha, kinachoingia katika tawi lake bila hofu na kukaa hapo, isipokuwa dume mwingine. Binadamu hutimiza masharti hayo yote.

Mfugaji naye huongeza kuni motoni bila kujua. Akiona mjusi anatikisa kichwa, hudhani ni salamu, naye hutikisa chake kumjibu, na hivyo amekubali kushindana. Humkazia macho kwa mapenzi, na mjusi huona kitisho. Humwekea kioo ili asiwe mpweke, na dume hupambana siku nzima na mpinzani asiyechoka wala kukimbia, akaumiza pua yake kwa kugonga. Kioo cha dirisha usiku, taa zikiwa zimewashwa ndani, hufanya kazi hiyo hiyo.

Halafu lipo jambo la kujifunza. Iguana hutoka mbio kuelekea kwa mtu, mtu hushtuka na kurudi nyuma. Kwa mtu hilo ni tukio la sekunde mbili. Kwa dume mwenye himaya ni ushindi kamili, kwa kuwa mvamizi amefukuzwa, na kitendo kilichomfukuza kitarudiwa kesho kikiwa na nguvu zaidi. Kwa upande mwingine, kumpiga au kumtikisa mnyama humthibitishia kwamba vita ni vya kweli. Msituni, aliyeshindwa ana njia. Hujiachia kutoka tawini, hudondoka majini na kuogelea. Ndani ya chumba hakuna maji chini ya tawi, si kwa mjusi wala kwa mtu, na ugomvi ambao ungemalizwa kwa kuondoka mmoja wao hubaki hapo hapo, kila siku, wapinzani wale wale.

Pasipo haki ni kuyaweka mashambulizi yote katika kapu moja. Iguana aumaye kwa hofu hutofautiana sana na yule alindaye himaya, na mfugaji asipotofautisha hutibu ugonjwa usio wenyewe. Mwenye hofu hujiviringa pembeni, hurudi nyuma, huzomea, hupiga mkia, na huuma pale tu mkono unapomfikia. Akipewa njia hukimbia. Chanzo mara nyingi ni mkono uliomjia kutoka juu. Wanaowinda iguana wadogo msituni ni mwewe na ndege wengineo, na kitu kishukacho kutoka juu, kikatia kivuli jicho lile la utosini, kwa mjusi ni kifo kinachokuja. Alindaye himaya hutenda kinyume. Yeye huja. Huvuka chumba kumfuata mtu aliyekaa mbali, huku rangi yake imebadilika na mwili umebanwa, na akipewa njia ya kukimbia haitumii. Wa kwanza huhitaji kuzoeshwa taratibu, kwa mkono uingiao kutoka ubavuni na chini; wa pili huhitaji nafasi na muda, na kumzoesha katika wiki hizo ni kutafuta jeraha.

Upole usio upole

Wafugaji wengi husimulia kwamba mjusi wao alikuwa mpole kabisa, na ghafla akawa mkali. Yafaa kuuliza kama upole wenyewe ulikuwa upole. Michel Cabanac wa Chuo Kikuu cha Laval, nchini Kanada, alichapisha pamoja na mwenzake mwaka 2000 matokeo ya kupima mapigo ya moyo ya iguana. Waliona kwamba iguana akishikwa, hata kwa taratibu, moyo wake huenda mbio zaidi. Mjusi aliyetulia tuli kiganjani, basi, si lazima awe ameridhika. Kutulia tuli ndiyo silaha ya kwanza ya mnyama mdogo mbele ya mla nyama, na mwaka atakapokuwa mkubwa atakuwa na silaha nyingine.

Ugonjwa nao huvaa joho la upole. Iguana anayefungiwa ndani bila jua na kulishwa chakula kisicho na kalisi ya kutosha hushindwa kutengeneza vitamini D, ambayo ngozi yake huiunda kwa msaada wa mionzi ya urujuanimno, na mifupa yake hulainika. Kioo cha dirisha huzuia sehemu kubwa ya mionzi hiyo, kwa hiyo kumweka nyuma yake hakumsaidii. Mnyama wa namna hiyo halipi deni la himaya kwa kuwa hana nguvu za kuidai. Akitibiwa na kupata taa ifaayo, mwenyewe hushangaa kuona mpole wake amegeuka. Hajageuka; amepona. Lakini kinyume chake pia hutokea, kwamba mjusi mzima aliye na maumivu ya mfupa, jino au tumbo huanza kuuma nje ya msimu, na ishara hiyo humhitaji daktari wa wanyama kabla ya kumhitaji mtaalamu wa tabia. Jike aliyebeba mayai naye huwa mkali na asiyetulia, hukwaruza pembe za chumba, huacha kula. Anatafuta mahali pa kuchimba, na asipopata, mayai yanaweza kumkwama tumboni na kumuua.

Kosa jingine huonekana katika iguana wawili wachanga waliowekwa tundu moja. Mmoja hulala juu ya mgongo wa mwenzake chini ya taa, na watu hufurahi kusema kwamba wanapendana. Mara nyingi aliye juu amejitwalia joto, na aliye chini hupata baridi, hula kidogo na kudumaa. Si kwamba iguana wachanga hawajui ujamaa. Gordon Burghardt, Harry Greene na Stanley Rand waliandika mwaka 1977 jinsi watoto waliotoka mashimoni mwa Slothia walivyoondoka kisiwani kwa makundi, wakigusana na kufuatana. Jesús Rivas naye aliripoti kutoka Venezuela kwamba, adui wa angani akitokea, wachanga madume hujilaza juu ya majike, huenda ili kuwakinga dada zao. Tofauti ni nafasi. Msituni kila mmoja anaweza kuondoka, na jua lipo kwa wote. Ndani ya tundu lenye taa moja, jua limekuwa mali ya mtu mmoja.

Lifaalo kufanywa

Mfugaji mwenye busara huanza na kalenda. Huandika siku ambayo rangi ya machungwa ilionekana, siku ambayo hamu ya chakula ilipungua, siku vitundu vya mapajani vilipoanza kutoa nta. Kwa wafugwao katika nchi za kaskazini msimu aghalabu huangukia miezi ya baridi, nao huchukua majuma kadhaa hadi miezi michache. Tarehe za mwaka wa kwanza humwonya mwaka wa pili.

Katika majuma hayo mnyama apewe chumba au tundu kubwa lenye tawi la juu, juu kuliko macho ya mtu kama inawezekana, kwa sababu aliye juu hana haja ya kuthibitisha cheo chake. Vioo vifunikwe. Chakula kiwekwe na mtu aondoke. Akihitaji kuhamishwa, kitu kipana kama ubao, mto au taulo nene kiwekwe kati yake na mwili wa mtu. Mkono mtupu usimkimbilie, na kukimbizana naye kuzunguka chumba kuepukwe. Akimjia mtu, mtu asirudi nyuma kwa kishindo wala asimpige, bali ashikilie kizuizi chake mahali pake mpaka mjusi asimame. La mabegani ni la kutiliwa mkazo. Watu wengi hupenda kutembea na iguana begani, na majeraha mabaya zaidi ya uso, pua na masikio hutokea hapo, kwani meno yako sentimita chache tu kutoka shavuni. Katika msimu asibebwe hivyo hata na aliyemlea tangu utoto wake, na watoto wasiachwe naye chumba kimoja. Kidonda chochote kioshwe mara moja kwa sabuni na maji mengi, maana reptilia huchukua vijidudu vya salmonela bila wao kuugua, na wakati wowote wa mwaka mikono ioshwe baada ya kumshika.

Wengine huomba dume ahasiwe. Upasuaji huo hufanywa, lakini si dawa ya uhakika. Ukifanywa msimu ukiwa umekwisha anza, tabia iliyokwisha kuamshwa huendelea, na matumaini, kama yapo, ni ya msimu ufuatao. Kwa mnyama ambaye baada ya majuma machache atarudi kula majani mkononi, wengi huona ni afadhali kungoja.

Wasiongoja ndio waliosababisha hasara kubwa. Mtu aliyeumwa mara mbili au tatu, asiyepata wa kumpokea mjusi wake, humpeleka usiku kando ya mfereji na kumwachia. Huko Florida iguana walianza kuonekana porini katika miaka ya 1960, na huko Puerto Rico katika miaka ya 1970, wakitokana na biashara ya wanyama wa kufugwa, na katika sehemu zote mbili wakaongezeka kupita kiasi. Jike mmoja huweza kutaga mayai 40 kwa mwaka. Mashimo wanayochimba hudhoofisha kingo za mifereji na misingi ya njia za miguu, nao hula mimea ya bustani na ya porini. Baridi kali ya Januari 2010 iliwadondosha kutoka mitini kwa wingi na kuwaua wengi, lakini haikuwamaliza. Mwaka 2021 serikali ya jimbo la Florida ilimwingiza iguana wa kijani katika orodha ya wanyama waliokatazwa. Waliokwisha kuwa naye waliruhusiwa kuomba kibali cha kumtunza mpaka afe, kwa sharti kwamba mnyama atiwe kitambulisho cha chombo kidogo chini ya ngozi na atunzwe mahali ambapo hawezi kutoroka. Asiyekuwa naye kabla ya hapo hakuruhusiwa kununua mwingine.